Nilirudi Mabira kuulizia kibanja cha baba

Baba mdogo alinipigia simu mwishoni mwa mwezi wa tatu, saa mbili usiku, wakati ambao wazee wa kwetu hawapigi simu kama hakuna msiba. Msiba haukuwepo. Alisema amepatikana mnunuzi wa kibanja cha marehemu baba yangu, mtu mwenye fedha mkononi, na kwamba ukoo umeona ni vema nipewe taarifa. Nipewe taarifa, msomaji. Siyo niulizwe.

Kaka yangu, mtoto pekee wa kiume wa baba, alifariki muda mrefu uliopita. Tumebaki wasichana watatu, wote tumeolewa mbali. Nikaomba ruhusa kazini, nikamchukua binti yangu wa kidato cha pili aliyekuwa likizo ya Pasaka, tukapanda basi. Mara ya mwisho alipofika Mabira alikuwa wa kubebwa mgongoni.

Kwa asiyepafahamu, Mabira ni kata katika Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Sisi wa zamani bado tunasema Mabira ya Karagwe, maana Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na ulimi hauzoei haraka. Waganda huita msitu kibira, na kwao upo msitu mkubwa wenye jina hili hili la Mabira kwenye njia ya Jinja. Kwa hiyo anayelisikia jina hutarajia miti mirefu. Kwetu atakuta migomba, kilima baada ya kilima, na kahawa imejificha chini yake.

Ukitoka Bukoba unafika Kyaka. Mbele yako ni daraja la Mto Kagera, mahali ambapo majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja mwezi Novemba 1978. Anayekwenda Karagwe havuki. Anakata kushoto, anaanza kupanda, na masikio yanaziba. Binti yangu alidhani mto tumeuacha nyuma. Nikamwambia asubiri, kwa sababu Kagera haukuachi: unapita magharibi mwa Kyerwa ukitutenganisha na Rwanda, unazunguka kaskazini ukitutenganisha na Uganda, ndipo unateremka Kyaka kulitafuta Ziwa Victoria. Sisi tunaishi ndani ya mkono wake. Lami inakupeleka vizuri hadi Bugene. Baada ya Omurushaka unatafuta mchomoko, zile gari ndogo ambazo abiria wanne hukaa kiti cha watatu na mmoja hukaa na dereva kiti kimoja. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Tulisukuma gari mara mbili.

Njiani nilimsimulia habari ambazo vitabu vya shule huzipitia haraka. Nchi hii ilikuwa ufalme. Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Bweranyange kwa mfalme Rumanyika, wakapokewa vizuri kuliko walivyopokewa sehemu nyingine nyingi za safari yao. Grant aliugua mguu vibaya, mwenzake akaenda Buganda akimwacha, naye akabaki Karagwe kwa miezi kadhaa akiuguzwa ugenini. Sisi tunajisifu kwa ukarimu, na mimi nadhani mguu ule ni ushahidi mzuri kuliko hotuba. Stanley naye alipita mwaka 1876. Baadaye, miaka ya 1890, sotoka ikafagia ng'ombe, na ng'ombe ndiyo iliyokuwa nguvu ya nchi. Watu waliokuja kujaza milima baadaye walitoka pande nyingi: Buhaya, Kigezi, Rwanda. Ndiyo maana sokoni kwetu utasikia lugha nne na wote wanaelewana kwenye bei.

Tulifika jioni, baridi imeshaanza kuuma. Shangazi alitupokea uani. Kabla ya maji ya kunywa, kabla hata ya kuuliza habari za mjini, alileta kikapu kidogo chenye buni zilizochemshwa na majani ya porini zikakaushwa. Unachukua mbili tatu, unatafuna. Zamani watu wawili walioapa undugu waligawana buni ya aina hii, na mwenye kuvunja kiapo hicho alijua anachokitafuta. Binti yangu alitafuna kwa adabu, kisha akageuka pembeni akatema. Shangazi aliona, akacheka mpaka akakaa chini.

Hapo lazima nieleze kibanja ni nini, maana mtu wa mjini husikia neno hili akafikiria kiwanja. Kibanja cha kwetu kina nyumba katikati, na kuizunguka kuna migomba ya kupika, ya kuchoma na ya pombe, kila mmoja mahali pake. Chini ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa maharage. Udongo hufunikwa nyasi na kulishwa mbolea ya ng'ombe, mwaka hadi mwaka, hivyo rutuba unayoiona leo ni kazi ya mgongo wa babu. Na kwenye kibanja hicho hicho tunazika. Hakuna makaburi ya kijiji ya kwenda na maua Jumapili. Wazee wako wamelala hatua thelathini kutoka jikoni.

Asubuhi nilimpeleka binti yangu kwao. Babu, bibi, kisha makaburi manne yaliyokaribiana, ya baba zangu wadogo wawili, mke wa mmoja wao, na kaka yangu. Aliuliza mbona wamefuatana hivyo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Wakati huo watu hawakuwa na jina, wakauita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kinaletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka wanawake wakinong'ona Juliana, nikadhani ni mtu. Miaka iliyofuata, aliyebaki kulea yatima wa kibanja hiki alikuwa shangazi, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Analala chumba cha nyuma mpaka leo. Hapo ndipo nilipoelewa ambacho simu ya baba mdogo haikusema: kibanja kikiuzwa, shangazi anakwenda wapi?

Kikao kilikaa siku ya pili, sebuleni, mvua ikipiga bati kiasi kwamba kila msemaji ilibidi apaze sauti kama anagombana. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mkeka. Binti yangu, bila kujua, alikalia kiti. Hakuna aliyemwinua, nami sikumkonyeza.

Mzee mmoja alianza kwa upole. Alisema ardhi ya ukoo ni ya ukoo, mtoto wa kike huila lakini haiamui. Sikumlaumu, alisema alichofundishwa. Kanuni za sheria za kimila zilizochapishwa na Serikali mwaka 1963 zilisema karibu maneno hayo hayo, kwamba mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo ila hawezi kuiuza. Lakini nilikuwa nimejiandaa. Niliwakumbusha Holaria Pastory, mwanamke wa mkoa wetu huu huu, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake na mwaka 1988 akaliuza. Mtoto wa ndugu yake akamshitaki ili uuzaji ufutwe. Mwezi Februari 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke.

Mzee akaniuliza: "Kwa hiyo, mwanangu, na wewe unataka kuuza?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimekuja na hukumu ya haki ya kuuza, kumbe nilitaka kisiuzwe.

Aliyenyamaza ni baba mdogo. Ilichukua muda, na chungu kizima cha rubisi, mpaka akatoa lililokuwa moyoni. Tatizo lilikuwa butura. Wasomaji wa Kagera hawahitaji maelezo. Kwa wengine: mkulima mwenye shida miezi hii, kabla kahawa haijaiva, humwendea mwenye fedha na kuuza mavuno yangali mtini, kwa sehemu ndogo ya bei. Serikali inaipiga marufuku kila mwaka, na kila mwaka ada ya shule inadaiwa Januari wakati kahawa inavunwa kuanzia katikati ya mwaka. Baba mdogo alichukua laki sita kwa ahadi ya magunia kumi ya maganda. Jua likawa kali, akapata sita. Manne yaliyokosekana yakageuzwa kuwa deni la msimu uliofuata, na nyongeza juu yake. Baada ya misimu mitatu alikuwa anadaiwa milioni mbili na zaidi. Mnunuzi wa kibanja alikuwa ni huyo huyo mwenye fedha.

Na laki sita zile? Zilimlaza shangazi hospitali, alipofanyiwa upasuaji. Shangazi mwenyewe alikuwa hajui. Aliinuka kwenye mkeka, akatoka nje mvuani, na hatukumfuata.

Sitaki kuifanya habari iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Nilimkasirikia baba mdogo, na bado namkasirikia kidogo, kwa sababu alikuwa radhi kuuza makaburi kuliko kumwambia mtoto wa kike kwamba ana deni. Lakini nilijiuliza pia ni lini mara ya mwisho mimi nilipiga simu kuuliza kitu zaidi ya "hamjambo". Tulichanga. Mimi nilitoa fedha za mabati niliyokuwa nimeyapangia mwaka huu, dada zangu wakatuma kwa simu usiku ule ule. Mwenye fedha alipokea nusu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akakubali nusu nyingine isubiri mavuno. Kahawa ya msimu huu itapelekwa chama cha msingi, iuzwe mnadani kama ya watu wengine, na jina kwenye kitabu ni la shangazi. Kibanja kimeandikwa majina yetu wasichana watatu. Baba mdogo ataendelea kukilima na kula humo. Mzee aliyepinga ndiye aliyesaini shahidi wa kwanza, kwa mwandiko mzuri kuliko wetu sote.

Siku ya kuondoka mvua ilikuwa imetulia. Kwetu mpaka wa ardhi huwekwa kwa muramura, mmea wenye majani marefu usiokufa ovyo hata ukikatwa. Upande wa chini baadhi ilikuwa imeng'olewa, sikuuliza na nani. Shangazi alikata vipande, akamkabidhi binti yangu jembe. Walipanda wakifuata kamba, bila haraka, huku mchomoko ukipiga honi barabarani. Alipochomeka cha mwisho, shangazi alimsimamisha pale akamwambia ahesabu, kutoka kwenye kaburi la babu yake hadi hapo, ni muramura wa ngapi.

Alihesabu mara mbili. Saba.