Vitabu vya Masikio

Wahenga walisema: Mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tunaowaandikia leo tulikuwa na macho, tena mazuri, nasi tuliyatumia miaka mingi. Sasa twaambiwa: Sikiliza. Basi tumesikiliza, na hapa twawaletea habari ya vitabu tulivyovisikia, vile vilivyotupendeza na vile vilivyotuudhi.

Kwanza mtujue. Sisi ni wawili, mume na mke, wazee wa Lubumbashi, wakaaji wa Katuba. Mmoja wetu alikuwa karani mpaka alipostaafu. Tena siku za Dominika alikuwa msomaji wa masomo ya Misa. Mwingine aliuza samaki wakavu sokoni, akalea watoto sita. Huyu wa pili shule yake ilikoma darasa la tatu, na Kifaransa chake ni cha sokoni: kinatosha kukataa bei mbaya. Twaandika pamoja hivi: mmoja asema, mwingine akanusha, na mjukuu anaandika.

Miaka minne iliyopita karani alianza kujigonga kwenye miimo ya milango. Dokta akasema ni glokoma. Ndio ugonjwa unaokula macho polepole, mara nyingi bila maumivu, hata mtu hatambui mpaka sehemu kubwa imekwisha. Dawa ya matone huweza kulinda kinachobaki, kilichokwenda hakirudi. Dominika moja alisimama mbele ya waamini, akaanza somo la pili, na katikati mstari ukampotea. Akanyamaza. Katekista akaja, akamalizia. Siku ile alirudi nyumbani, akatia vitabu vyake vyote katika sanduku, akafunga. Miezi mitatu nyumba yetu ilikuwa kimya jioni.

Ndipo mjukuu alipokuja na simu yake, akasema: "Nkambo, kuna watu wanaosoma kwa ajili yako."

Ni kweli wako. Mwaka 2005 mtu mmoja wa Montreal, huko Kanada, jina lake Hugh McGuire, alianzisha kazi iitwayo LibriVox. Watu wa nchi mbalimbali husoma kwa sauti vitabu vya zamani ambavyo haki za waandishi wake zimekwisha muda, hujirekodi, na kuvitoa bure. Hawalipwi. Mwanzoni mwa kila sehemu hutamka tangazo lile lile, kwamba kitabu hiki ni mali ya watu wote. Mama wa nyumba yetu amelijua kwa moyo, nalo likiisha hujibu: "Amina." Vitabu ni bure, lakini mega za simu si bure. Mjukuu huvivuta pale anapopata nafasi, huvitia katika kadi ya simu, nasi husikiliza jioni. Umeme ukikatika, jirani hulalamika kwa giza. Sisi twaendelea na sura yetu.

Kitabu cha kwanza kilikuwa Le Comte de Monte-Cristo cha Alexandre Dumas, kilichotoka gazetini kipande kwa kipande toka mwaka 1844 hata 1846. Ni kirefu! Tulikianza mvua za kwanza, tukakimaliza mahindi yakiwa yamekomaa. Kila baada ya sehemu fupi tulisimamisha simu, na Baba akaeleza kwa Kiswahili. Ni habari ya baharia kijana, Edmond Dantès, aliyesingiziwa akafungwa miaka 14 katika ngome ya kisiwani. Kisha akatoka, akapata mali nyingi, akawalipiza adui zake mmoja mmoja. Kwetu sehemu iliyo bora si kisasi, bali gereza. Humo mna padre mzee, Faria. Alipokuwa Roma alikuwa na vitabu karibu 5,000, akaona kwamba vitabu 150 vilivyochaguliwa vema vyamtosha mtu, akavisoma mpaka akavishika kichwani. Basi gerezani anamfundisha kijana hesabu, lugha na historia kutoka katika kumbukumbu yake. Tuliposikia hayo tulizima simu. Karani alikaa kimya, kisha akasema: "Kumbe, niliyoyasoma hayakufa pamoja na macho."

Juu ya kisasi tulibishana. Mume alifurahi kila adui alipoanguka. Mke akasema: "Huyu amefungwa mara mbili. Mara ya pili amejifungia mwenyewe, na ufunguo anao." Tulipokaribia mwisho, mtoto asiye na kosa akafa kwa sababu ya kisasi kile, na Dantès mwenyewe akaanza kuogopa mambo aliyoyatenda. Hapo ilionekana ni nani aliyekielewa kitabu mapema.

Cha pili kilituchekesha na kutukasirisha. Ni Cinq semaines en ballon cha Jules Verne, cha mwaka 1863: Waingereza watatu wanapanda puto Unguja na kuivuka Afrika angani mpaka Senegali. Verne hakuwa ameijua nchi ile kwa macho yake; aliokota habari katika vitabu vya wasafiri. Yaonekana. Huko Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, watu wanadhani puto ni mwezi ulioshuka, na waliomo ni wana wa mwezi. Mama aliuliza: "Na watu wa Tabora, waliompokea kila msafiri na msafara wake, wakose kujua kamba na kitambaa?" Karibu kila mtu mweusi wa kitabu hicho ni mjinga au mkali. Hilo twalikataa, wala hatumshauri mzazi awaachie watoto wakisikilize peke yao bila mtu wa kuwaeleza.

Lakini mna sura moja hatutaisahau. Wasafiri wanamwokoa padre kijana, Mfaransa wa shirika la Walazaristi, aliyekuwa karibu kuuawa. Majeraha yake ni makubwa, naye anafia ndani ya puto. Wanashuka kumzika mahali penye mawe, na kumbe mawe yale yamejaa dhahabu. Maskini kwa nadhiri yake, amelazwa katika utajiri usiohesabika! Mtumishi wao Joe anapakia mawe mengi, nao wanayahesabu kuwa uzito wa puto; na kila puto linapohitaji kupanda juu, inampasa kuyatupa kidogo kidogo, akilia. Sisi wa Katanga, ambao vijana wetu hushuka mashimoni kila siku kutafuta shaba na kobalti, na wengine hawapandi tena, twaijua habari ya mtu kulala chini ya utajiri usio wake. Jioni ile hatukuendelea na sura nyingine.

Cha tatu ni Histoire d'une âme cha Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, kilichotolewa mwaka 1898, mwaka mmoja baada ya yeye kufa akiwa na miaka 24. Karani alikisoma zamani kwa macho, akakiona kitamu mno, kama chai iliyozidi sukari. Sasa amekisikia kwa sauti ya mwanamke asomaye taratibu, bila mapambo. Kumbe yule mwenye kusema habari za maua aliandika pia habari ya giza lililomwingia rohoni tangu Pasaka ya mwaka 1896, ambalo hakutoka humo mpaka kufa. Kurasa hizo karani alizipita haraka alipokuwa kijana mwenye macho. Jicho huruka kurasa, sauti hairuki. Safari hii ilimpasa kuzisikia zote, neno kwa neno, naye yumo katika giza lake.

Tuseme na neno juu ya Biblia ya kusikiliza. Tumepata Agano Jipya la Kiswahili lenye wasomaji wengi, ngoma na vinanda. Vijana huipenda. Sisi twaona vinanda vimekuwa vingi; mara nyingine Mtume Paulo anashindana navyo kama mtu anayehubiri karibu na baa. Tunapenda sauti moja isiyo na haraka. Hata hivyo tumepata faida. Barua kwa Filemoni yasikika yote kabla chungu cha bukari hakijawa tayari, nayo yasikika kama barua kweli, inayosomwa mbele ya watu wa nyumba. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tulitambua jambo lililotupita miaka yote. Yule Mwethiopia mwenye cheo alikuwa akisoma kitabu cha Isaya garini, na Filipo akamsikia. Alimsikia! Maana yake alikuwa akisoma kwa sauti. Kama angalisoma kimya, Filipo angaliuliza nini?

Hapo karani aliungama kosa lake: siku za Dominika alikuwa akisoma mbio, kana kwamba watu wote wana kitabu mkononi. Wengi wao walikuwa na masikio tu.

Basi twafika kwenye habari iliyotugusa kuliko zote. Mtakatifu Augustino, Mwafrika, askofu wa Hippo, katika Maungamo yake anamtaja Mtakatifu Ambrosi wa Milano. Anashangaa kwamba Ambrosi alisoma kwa macho peke yake, sauti na ulimi vikitulia. Waliokuja kumwona walikaa mbele yake kimya muda mrefu, wasithubutu kumsumbua, kisha wakaenda zao. Karani alieleza hayo kwa Kiswahili, akayaona ni habari nzuri ya mtu mwenye bidii. Mama hakucheka. Aliendelea kuchambua sombe, kisha akasema: "Nami nilikuwa mmoja wa hao waliokaa, wakaenda zao."

Wapenzi wasomaji, ni kweli. Miaka arobaini mmoja wetu alisoma kila jioni chini ya taa, na mwingine alikaa hatua mbili kutoka kwake, asijue kitabu chasema nini. Hakuna aliyemkataza kuuliza. Lakini mtu aliyefunga midomo na kuinamisha macho ni mlango uliofungwa, na mwenye adabu habishi hodi mara kumi. Karani aliomba msamaha usiku ule. Alipewa, ila si mara moja.

Kitabu cha mwisho hakikutoka Ulaya, wala hakuna aliyekwisha kutusomea. Ni kijitabu cha mji wetu wenyewe, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kilichoandikwa na André Yav mwaka 1965, mwaka mmoja kabla mji haujaitwa Lubumbashi. Chasimulia habari za mji tangu ulipoanza, za wazungu na za maboyi waliowatumikia, kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Mtaalamu Johannes Fabian alikitoa upya mwaka 1990, naye ilimbidi kwanza kupata mwenyeji wa lugha akisome kwa sauti, maana yake itokee. Mjukuu wetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipokitazama alisema: "Nkambo, hiki hakisomeki." Maneno yamegawanywa mahali usipotazamia, na vituo vimewekwa popote.

Tukamwambia: kisome tu kwa sauti. Akaanza kwa kusitasita. Ndipo Mama, mwenye darasa la tatu, akamkatiza: "Usisimame hapo. Unganisha na neno linalofuata." Mtoto akaunganisha, na maneno yakafunguka. Baba yake Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya wazungu kabla ya uhuru. Maneno ya jikoni, ya posho na ya mabwana aliyasikia tangu utotoni. Jioni kumi alikuwa yeye mwalimu, na karani na mwanachuo walikuwa wanafunzi. Majirani wawili walileta viti vyao. Mjukuu alirekodi yote, pamoja na makosa, kikohozi na ubishi wa wazee. Kati ya vitabu vyote vilivyomo katika simu, hicho ndicho kinachoombwa zaidi mtaani.

Tumejifunza nini? Watawa Wabenedikto waliohubiri Injili katika nchi hii tangu mwaka 1910 wana desturi katika Kanuni yao, sura ya 38: wakati wa kula, mmoja husoma kwa sauti kwa ajili ya wote, kila juma mtu wake. Jambo hilo halihitaji abasia. Lahitaji kitabu kimoja, mtu mmoja mwenye macho, na wengine walio tayari kunyamaza, tena walio tayari kumkatiza panapo haja. Mzee asiyeona yuko katika kila mtaa. Mama asiyejua kusoma yuko katika nyumba nyingi. Ninyi vijana, simu mnazo, na sauti mnazo. Kiswahili chetu hakina vitabu vingi vya kusikiliza. Ni nani atakayevisoma kama si ninyi?

Nasi twendelee na letu. Jumamosi jioni mjukuu humsomea karani somo la kesho yake, mara tatu, mara nne, taratibu. Mama husikiliza, na neno likikosewa yeye ndiye arekebishaye. Alhamisi, katika jumuiya ndogo ya mtaa wetu, karani husimama mikono mitupu na kulitamka lote, bila haraka. Tangu aanze hivyo, hakuna mstari uliompotea. Na ukimpotea, yuko mtu karibu yake anayeujua.