Sisi Tulioushuka Lyamba lya Mfipa kwa Miguu

Penye pombe ya ulezi hapa Sumbawanga, wazee wenzangu hawakosi la kusema juu ya vijana: wavivu, hawawezi hata kushuka Muze bondeni bila pikipiki. Kilabuni huwa nanyamaza, maana si mahali pa kubishana. Hapa nitasema. Hakuna hata mmoja wetu aliyeushuka na kuupanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa kwa kupenda. Tulishuka kwa sababu kitoweo kilikuwa chini na sisi tulikuwa juu.

Asiyeijua Ufipa aelewe kwanza ilivyokaa. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni mtu hatoki bila koti. Ukipita Ntendo kuelekea Muze, nchi inakatika ghafla. Chini kuna bonde la joto, mita 800 hivi tu kutoka usawa wa bahari, lenye migunga na mashamba ya mpunga, na mbele yake Ziwa Rukwa, maji mengi yasiyo na mto wa kuyatoa. Ardhi ilipopasuka enzi hizo, sakafu ya Rukwa ilididimia, Wafipa tukabaki juu. Upande wa Ziwa Tanganyika nako kuna ukuta, ambako mto Kalambo unaanguka zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia.

Tofauti hiyo ya juu na chini ndiyo iliyozaa biashara. Juu kulikuwa na ulezi, maharage na majembe. Babu zetu walikuwa wahunzi hasa. Tanuru zao za udongo, malungu, zilimzidi mtu kimo na zilivuta hewa zenyewe bila mivuo. Chuma kilichotoka humo kikasafishwa kwenye tanuru ndogo, kintengwe, ndipo kikafuliwa. Chini kulikuwa na samaki, na chumvi ya Ivuna, kusini mwa ziwa, ambayo watu waliichemsha karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika. Msafiri Joseph Thomson alipolitazama ziwa hilo mwaka 1880 alilipa jina la Leopold, mwana wa malkia wa Uingereza. Jina lenyewe halikudumu, nasi hatukulihitaji.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Watu wanadhani kupanda, lakini kwenye mteremko vidole vya miguu vinasukumwa mbele, magoti yanatetemeka, na changarawe inateleza chini ya unyayo. Kupanda kuna adha yake: tenga la samaki waliokaushwa kwa moshi juu ya ngata ya kitambaa, mafuta yakichuruzika hadi shingoni, nzi wakikufuata mpaka kwenye baridi. Wanawake walibeba hivyo na mtoto mgongoni. Mama yangu akifika juu hakukaa kwanza. Alisimama ameshika kiuno hadi pumzi irudi, kwa kuwa ukikaa na mzigo hakuna wa kukutwisha tena. Leo Fuso moja inapandisha mizigo ya kijiji kizima, na mjamzito wa bondeni ana njia ya kufika hospitali. Anayeililia njia ile ya miguu amesahau shingo yake.

Kizazi cha baba yangu kilipata tabu nyingine kutoka huko huko chini. Nyasi za mbuga ya Rukwa zilikuwa mazalio ya nzige wekundu, na balaa lililoanza mwaka 1930 likaendelea hadi 1944, likala mashamba sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika. Baba hakupenda kulizungumza ziwa hilo. Alikula samaki wake, basi.

Sasa vijana wanasimama kwenye kona za juu, wanapiga picha, wanaziweka mtandaoni. Vizuri. Sisi tulikuwa na mzigo kichwani, tukatazama chini tunapokanyaga. Ziwa lile linalong'aa jioni tuliliona kwa vipande. Wao ndio wa kwanza katika ukoo kuutazama mlima bila kuuogopa.

Ninalowadai ni jingine. Mtalii akiletwa ukingoni anaambiwa mandhari, basi. Haambiwi kwamba kwenye vilima vya Ufipa bado yapo malungu yaliyosimama, mengine yakibomolewa na mvua na mizizi. Haambiwi kwamba msitu wa Mbizi, unaoupa mji wetu maji, una mbega wekundu wa aina iliyo hatarini, ambayo Tanzania imebaki kwenye misitu michache tu ya magharibi. Shoka na moto vikimaliza mabaki ya msitu ule, mbega ndio watatangulia na mabomba ya mjini yatafuata. Kijana anayetaka kuishi kwa kuongoza wageni alijue hilo kabla ya kujua Kiingereza.

Mimi ningempangia safari hivi. Kiangazi, si masika, maana udongo wa huko ukilowa hata gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne hulaza watu njiani. Alfajiri Mbizi, mbega wakiwa bado juu ya miti. Kisha kwenye ilungu, moja ya malungu yale, na mzee wa hapo aeleze moto ulivyowashwa, alipwe kwa maelezo yake. Mchana washuke hadi Muze, wale ugali wa ulezi uliotoka juu kwa samaki wa Rukwa. Na akifika kwa mama muuza samaki, mgeni asiombe apunguziwe bei.