SAUTI AU MOSHI?

Garimoshi la mfano hutiwa betri kwa sababu reli za nje hushika vumbi, umeme usipite vizuri. Chama chetu cha Sayansi kinaunda kichwa cha Garratt aina ya 59. Vichwa hivyo vilijengwa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa reli ya Afrika Mashariki.

Wenzangu wanataka moshi, yaani mafuta yanayopashwa kwa waya wa umeme. Lakini waya huo hula betri kuliko sauti. Mimi nashika sauti. Garratt ina injini mbili, mbele na nyuma ya boila moja. Pumzi zao huenda pamoja, kisha huachana. Sumaku katika magurudumu ya kila injini zitaziongoza.

Babu yangu aliviendesha vichwa hivyo, na sasa haoni. Ndugu wanachama, mkipiga kura Jumamosi, mkumbukeni mzee huyu.