Bustani ya Madebe

Ama kweli, haba na haba hujaza kibaba. Hapa kwetu Chundwa, kisiwani Pate, visima vingi ni vya maji ya chumvi; maji matamu ni ya mvua, na tunayaweka jabiani. Kusi ikivuma bahari huchafuka, mashua huchelewa, na mboga za kutoka ng'ambo hufika zimenyauka, bei iko juu. Ndiyo maana mimi napanda mchicha uani.

Mwanafunzi mwenzangu, si lazima uwe na shamba. Tafuta debe kuukuu, dumu lililopasuka au gunia. Toboa matundu chini, kwani maji yakituama mizizi huoza. Tia kokoto, kisha udongo uliochanganywa na samadi kavu. Mchanga wa ufuoni usiutie, una chumvi. Nyunyiza mbegu, zifunike kidogo tu. Weka debe penye jua, lakini ukuta ulikinge na upepo wa bahari, na mbuzi wasilifikie! Baada ya wiki tatu au nne utachuma.

Mama alipoyaona madebe yangu aliniuliza, "Mwanangu, maji ya kunywa hayatutoshi, ya mchicha yatatoka wapi?" Swali zito hilo. Nikamjibu, "Ni yale ya kuoshea mchele, mama." Siku hizi yeye mwenyewe huniita, "Njoo uchukue maji yako!"

Shime, wenzangu! Madebe matatu hayalishi kijiji, lakini siku mashua isipofika, chunguni hamkosi kitu.