Mikunjo ya Kati ya Nyusi



Wiki hii nina deni la kulipa, na mdai wangu ni mama watoto. Ameniruhusu nilieleze hadharani kwa sharti moja, kwamba nisijipambe.

Mnajua kuwa huu ni mwaka wa sita tunaishi Nyaramba, kaunti ya Nyamira, katika vilima vya majani chai, ninakosomesha watoto wa Waislamu wachache wa huku. Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, niliwapa wanawake darsa juu ya vipodozi. Nilikuwa nimesikia kwamba yuko mchuuzi aletaye chupa ndogo ndogo kutoka mjini Kisii siku za soko, akizinadi kuwa ni dawa ya kuondoa makunyanzi bila ya sindano. Basi nikapandisha sauti. Nikaitaja aya ya Suratun-Nisaa juu ya ahadi ya Ibilisi ya kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Mwenyezi Mungu. Nikaitaja na hadithi ya Ibn Mas'ud juu ya wenye kuchanja chale, kunyonyoa nyusi na kuchonga meno kwa ajili ya uzuri. Nikamalizia kwa kusema kwamba chupa zile zimo katika mlango huo huo. Hakuna aliyeuliza swali. Nikadhani wamefahamu.

Usiku ule nilikwenda kutafuta mkasi katika droo ya cherehani, nikaikuta chupa.

Nilipogeuka, mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu. "Shilingi 2,500," akasema, "katika pesa zangu za kushona. Hukuuliza, Maalim. Ulihukumu tu."

Sababu yake ilikuwa hii. Mjukuu wetu wa Mombasa, mwenye umri wa miaka minne, alikuwa akizungumza naye kwa simu ya video akamwuliza, "Bibi, mbona umenikasirikia?" Akamjibu kuwa hakukasirika. Siku ya pili mtoto akauliza vile vile. Siku ya tatu akakataa kuja kwenye simu. Mama watoto ana mikunjo miwili iliyosimama kati ya nyusi, kama alif mbili zilizoandikwa kwa kalamu nene. Mimi ninayelala naye nyumba moja nilikuwa sijaiona, au niliiona nikaizoea.

Nilishikwa na haya. Asubuhi nikampigia simu mpwa wangu, ambaye ni mfamasia, nikamsomea maandishi ya chupa herufi kwa herufi, naye akanisomesha kwa subira kama nilivyomsomesha yeye alifu na bee.

Kitu kinachotajwa pale kinaitwa peptidi, nacho ni mnyororo mfupi wa asidi za amino, vile vipande ambavyo mwili huviunga kufanya protini. Hiyo iliyo maarufu ina vipande sita. Iliundwa na kampuni ya Lipotec ya Barcelona, Uhispania, ikauzwa kwa jina la Argireline. Katika orodha ya viungo huandikwa asetili heksapeptidi-8. Aliyewahi kusuka ukili atafahamu kazi yake. Neva inapotaka msuli wa uso ukunjike, humwaga kemikali juu ya msuli, na ili imwage, protini tatu husukana pamoja kama miaa. Sumu ya botulini, ile ya sindano ambayo Marekani iliiruhusu kwa mikunjo ya kati ya nyusi mwaka 2002, hukata mwaa mmoja, na msuli hulala kwa miezi mitatu au minne. Peptidi haikati kitu. Imefananishwa na ncha ya mwaa ule ule, ili ijipenyeze katika msuko na ukili usikaze.

Hayo ni ya maabara. Usoni kuna ngozi kwanza, na Mola hakuiumba ngozi iwe chujio la kila kipakwacho. Wataalamu hukadiria kuwa chembe yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupenya kwa shida. Hii ina karibu 889, na msuli wenyewe uko chini zaidi. Mwaka huo huo wa 2002 watafiti wa Uhispania walitangaza kwamba krimu yenye asilimia 10 ya peptidi hiyo, ikipakwa siku 30, ilipunguza kina cha makunyanzi hadi asilimia 30. Wachuuzi huishika hiyo 30, na hilo neno "hadi" huliacha njiani. Tena krimu yoyote yenye kulainisha huijaza ngozi maji, na vijistari vidogo vikafifia kwa muda.

Nilirudi kwenye vitabu vyangu nikiwa mtulivu zaidi. Swahaba Arfaja bin As'ad alikatika pua vitani. Akaweka pua ya fedha ikamwozea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru aweke ya dhahabu. Mtu kuondoa kinachomwudhi si sawa na mtu kujichonga meno. Na majimaji ya kupaka, yasiyoacha utando wa kuzuia maji ya udhu, yakaoshwa jioni, siwezi tena kuyaita kubadilisha maumbile. Ghushi ni jambo jingine. Mtume alitia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta umajimaji umefichwa chini, akamkemea mwenye mali. Anayemwambia mwanamke kwamba chupa hii ni sawa na sindano amefanya biashara ya lundo lile. Darsa langu lilipaswa kumhusu yeye, nami nikawageuzia uso wanunuzi.

Ninachokihofia hasa ni chupa zisizo na orodha ya viungo. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado krimu za kung'arisha ngozi zenye vitu hivyo hupatikana sokoni. Zebaki hupita kwenye ngozi vizuri kuliko peptidi, ikaenda kuharibu figo. Chupa ya mama watoto ilikuwa na orodha, lakini jina la peptidi lilikuwa mwishoni kabisa, nyuma ya manukato.

Wiki iliyofuata niliyasema yote haya mbele ya wanawake wale wale, pamoja na habari ya droo. Bibi mmoja Mkisii, aliyesilimu uzeeni, alicheka hadi akajifuta machozi. Yeye hupaka Arimis, akasema, ile jeli ya kukamulia ng'ombe, na ng'ombe wake hana kunyanzi hata moja.

Nimesahau kuwaambia swali la mwisho la mpwa wangu. Alipokwisha kunifundisha habari za neva aliuliza, "Mjomba, uzi anautunga mwenyewe?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kumtazama. Alikuwa ameinama juu ya sare za shule, ameisogeza sindano mbali kwa urefu wa mkono, macho yamefinywa na nyusi zimekutana. Alikuwa akifanya hivyo miaka mingapi, Mungu ndiye ajuaye.

Tulikwenda Kisii kupima macho. Miwani nimeilipia mimi, na zile 2,500 nimemrudishia. Alif mbili bado ziko pale pale. Jumapili alipiga simu Mombasa akiwa ameivaa, na mtoto akakaribia kioo, akamtazama kwa muda mrefu.

"Bibi," akasema, "umekuwa mwalimu?"