Mchanga wa rozi

Ilikuwa likizo ya Agosti 2014. Watoto walileta kalandari kwa jirani, yenye picha ya Harbour Island, kule Bahamas: mchanga wote rozi! "Papa, twende huku!" Nikawaeleza kwamba rangi hiyo inatoka kwa magamba mekundu ya vijidudu vya baharini, yanavunjika na kuchanganyika na mchanga mweupe.

Nilikuwa nimerudi Bunia toka machimbo ya Mongbwalu, kisha miezi saba. Pesa ya mfukoni ilikuwa ya minerval. Lakini mtoto wangu wa mwisho alikuwa ananikimbia kama mgeni. Hiyo iliniuma sana.

Basi nikasema: "Tutateremka Ziwa Albert. Chagueni: Kasenyi ao Tchomia?" Wakubwa walitaka Kasenyi, kuona mitumbwi mingi. Mama yao akauliza: "Kasenyi tutalala kwa nani?" Tchomia kulikuwa dada yake. Tukachagua Tchomia, minerval ikapona.

Tukapita Bogoro, tukashuka mlima mpaka ziwani. Mchanga ulikuwa wa kijivu, umejaa magamba ya samaki. Hatukuoga, tuliogopa bilarzia. Wakubwa wakanuna.

Kesho yake alfajiri jua likatokea upande wa Uganda, maji yakageuka rozi. Yule mdogo akanivuta mkono: "Papa, angalia!" Toka nirudi, hajaniita vile.

Ndugu msomaji, ukipata likizo, usiulize kwanza rangi ya mchanga. Uliza watoto wako watakaa na nani.