Kutoka Mombasa hadi Jeddah kwa Kufuata Kibla

Ukiitandaza ramani utaona kwamba Mombasa na Jeddah zimekaa karibu katika mstari mmoja, huku kusini, kule kaskazini. Ndiyo sababu sisi watu wa pwani tunaposali huelekea takriban kaskazini kamili. Baina ya viwanja vya ndege vya miji hiyo, kwa mstari ulionyooka, pana kilomita 2,850 hivi. Saa za huku na kule ni moja, wala msafiri hana haja ya kugeuza saa yake.

Safari yetu ya umra pamoja na mama yetu mzazi haikunyooka hivyo. Tulipitia Nairobi, mwendo usiozidi saa moja angani, tukangoja, kisha tukaruka tena kwa muda wa saa nne. Wazee wetu walivizia pepo za kusi ziwasukume kaskazini, wakaihesabu safari kwa majuma. Sisi twaihesabu kwa saa, na wepesi huo nao una mtihani wake.

Mtihani wenyewe ni mikati. Mwenye kukusudia umra hapaswi kuivuka bila ya ihramu, na akiivuka humlazimu kurejea au kuchinja. Kwa anayetoka kusini, mikati ni Yalamlam, karibu kilomita 100 kutoka Makka. Ndege hukata kilomita 14 hivi kila dakika. Anayesinzia kidogo tu amekwisha pitwa.

Tulipokuwa katika foleni ya mizigo, mama alimwuliza ndugu yetu, "Shuka zako za ihramu ziko wapi, mwanangu?"

"Zimo sandukuni, mama. Nitavaa tukifika Jeddah."

"Jeddah tutakuwa tumeshaipita mikati. Fungua sanduku."

Likafunguliwa pale pale, watu wakitutazama. Ndugu yetu alizitoa shuka kwa haya, akazivaa Nairobi.

Dada yetu naye alikuwa na lake. Siku zake zilimjia usiku wa kuamkia safari, naye alikuwa akilia kimya kimya, akidhani umra imemponyoka. Mama alimshika mkono. "Hedhi haizuii ihramu. Utaoga, utatia nia pamoja nasi, utaleta talbiya. Kinachongoja ni tawafu, mpaka utoharike."

Nchi ya Uhabeshi ikapita chini yetu, kisha Bahari ya Shamu. Tulipotangaziwa kuwa mikati imekaribia, mama alikuwa macho, tasbihi mkononi. Tukatia nia, na talbiya ikapanda kutoka kiti hadi kiti, sauti za wanaume juu, zetu za chini. Dada yetu alikuwa akiileta huku machozi yakimtoka.

Kutoka Jeddah hadi Makka ni kilomita 80 hivi kwa barabara. Sisi tuliikamilisha umra usiku ule. Dada yetu alibaki katika ihramu yake siku nne, hakujitia manukato wala kukata ukucha. Alipotoharika, mama, ingawa magoti yalikuwa yakimuuma, alisema hatamwacha aende peke yake, akatufu pamoja naye mizunguko yote saba.

Enyi mama na dada zetu mnaojiandaa, wekeni shuka za wanaume wenu katika mkoba wa mkononi, na msiikatie tamaa safari kwa sababu ya hedhi. Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awatakabalie. Amin.